KUPANGA VITUO VYA KUCHAJI KATIKA SAFARI NDEFU YA GARI LA UMEME

Chama cha ushirika kinapofikiria kununua au kukodi gari la umeme, swali la kwanza linaloulizwa mkutanoni huwa ni hili: je, gari hilo litawafikisha wajumbe Mombasa na kuwarudisha Nairobi bila kuwalaza njiani? Jibu ni kwamba litawafikisha, lakini kwa sharti moja. Safari ya gari la umeme hupangwa mezani kabla ya kuanza, wala haipangwi barabarani. Makala haya yanaeleza mpango huo hufanywaje, ili makatibu na wanachama waweze kuupima wenyewe.

Sababu ya sharti hilo ni nyepesi. Gari la petroli likikauka karibu na Kibwezi, kijana wa pikipiki atatumwa na dumu, na baada ya saa moja safari itaendelea. Umeme haubebwi katika dumu. Gari la umeme likiishiwa hubebwa juu ya lori mpaka kituo cha kuchaji kilipo, na gharama ya lori hilo hutoka katika mfuko wa wanachama. Wajumbe nao huchelewa, na kwa gari moja tu pengine mkutano mzima hukosa idadi ya watu inayotakiwa na sheria.

HESABU HUANZA NA UNITI

Umeme wa gari hupimwa kwa uniti zile zile zinazonunuliwa kwa matumizi ya nyumbani, yaani kilowati-saa. Na ichukuliwe kwa mfano gari lenye betri ya uniti 60, linalotumia uniti 18 kwa kila kilomita 100 katika barabara tambarare kwa mwendo wa wastani. Kwa hesabu ya haraka, gari hilo litakwenda kilomita 333. Lakini katibu mwangalifu hatapanga safari kwa kilomita 333. Kwanza atatenga akiba ya asilimia 15, yaani uniti 9, ambazo haziguswi ila kwa dharura. Zitabaki uniti 51, na hizo ni kilomita 283. Akiba haiozi, na katika safari hii akiba ndiyo inayotenganisha kuchelewa na kukwama.

Ni vema pia ieleweke kwamba umbali unaoonyeshwa kwenye dashibodi ni makisio tu. Gari hukisia kwa kutazama lilivyoendeshwa muda mfupi uliopita. Lililozunguka polepole mjini Mombasa kutwa nzima litaonyesha kilomita nyingi za kupendeza, nazo zitapungua upesi likianza kupanda Mazeras kwa mwendo wa kasi. Inayoaminika ni hesabu ya uniti iliyoandikwa katika karatasi.

KUTEREMKA SI SAWA NA KUPANDA

Barabara ya Nairobi hadi Mombasa ina urefu wa karibu kilomita 480. Kwa kipimo cha uniti 18 kwa kila kilomita 100, ingehitaji uniti 86 kama ingekuwa tambarare. Lakini si tambarare. Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari; Mtito Andei, ambao ni karibu nusu ya njia, uko kwenye mita 740 hivi; na Voi uko karibu mita 580.

Kuliinua gari la tani mbili mita 1,700 hula uniti 9 na nusu hivi, mbali na zile za kuliendesha. Linapoteremka, uzito wake hulisukuma, na dereva akiachia kanyagio mota hugeuka kuwa jenereta na kurudisha umeme kwenye betri. Kinachorudi si chote, kwa kuwa sehemu hupotea njiani. Kwa hiyo gari la mfano litatumia karibu uniti 78 kwenda Mombasa, na karibu uniti 96 kurudi. Tofauti ya uniti 18 ni sawa na safari ya kilomita 100 katika barabara ile ile. Dereva anayerudi kwa mpango aliokwenda nao amejipunguzia kilomita 100 bila kujua.

KASI, MZIGO NA FOLENI

Upinzani wa hewa huongezeka kuliko kasi yenyewe inavyoongezeka. Gari linalotoka mwendo wa kilomita 90 kwa saa kwenda 110 hukuta upinzani mara moja na nusu ya ule wa kwanza. Anayekimbia ili awahi huweza kulazimika kusimama mara moja zaidi ili achaji, na muda aliouokoa barabarani akaupoteza kituoni. Haraka haraka haina baraka. Mizigo iliyofungwa juu ya keria huongeza upinzani huo, na matairi yaliyopungua upepo hula uniti vilevile. Yafaa mizigo iwekwe ndani, na upepo upimwe asubuhi ya safari.

Folena ndefu ya malori, kwa upande mwingine, haitishi kama wengi wanavyodhani. Gari la umeme likisimama, mota haili kitu. Kinachokula ni kiyoyozi na taa, kwa kiasi cha uniti moja au mbili kwa saa.

KWA NINI HUACHWA KWENYE ASILIMIA 80

Vituo si vya namna moja. Soketi ya kawaida ya ukutani hutoa uniti mbili na nusu hivi kwa saa, kwa hiyo betri ya uniti 60 ingehitaji usiku na mchana. Chaja ya ukutani ya kilowati 7 huijaza kwa saa nane au tisa, na hii ndiyo inayofaa hotelini wajumbe wakiwa wamelala. Chaja ya haraka ya kilowati 50 hutia uniti 20 kwa muda wa karibu nusu saa.

Lakini hata chaja ya haraka haiendi kwa kasi moja mpaka mwisho. Kujaza betri ni kama kujaza gunia la mahindi. Mwanzoni humiminwa debe kwa debe. Gunia likikaribia kujaa, hutikiswa na kushindiliwa, na mahindi huongezwa kwa viganja. Betri ikipita asilimia 80, gari lenyewe hupunguza umeme linaoupokea ili betri isipate joto na kuharibika. Asilimia 20 za mwisho huweza kuchukua muda karibu sawa na zote zilizotangulia. Kwa sababu hiyo, vituo viwili au vitatu vifupi ni bora kuliko kimoja kirefu, na dereva naye hupata nafasi ya kunyoosha miguu.

PLAGI NA MALIPO

Kituo kilicho wazi na chenye umeme bado kinaweza kuwa hakina faida kwa gari la chama, ikiwa plagi hazipatani. Magari mengi yaliyotengenezwa kwa soko la Ulaya hutumia plagi ya CCS2 kwa chaji ya haraka. Yaliyotengenezwa kwa soko la China hutumia GB/T. Nissan Leaf zilizotumika, zinazoagizwa kutoka Japani, hutumia CHAdeMO. Tena Leaf hizo hazina mfumo wa maji wa kupoza betri, hivyo zikichajiwa kwa haraka mara kadhaa kwa siku moja hupata joto na kupunguza kasi ya kuchaji. Kabla gari halijanunuliwa, kamati iulize lina plagi gani, kisha iulize ni vituo vipi vya njia inayotumiwa na chama vyenye plagi hiyo.

Malipo ya vituo vingi hufanywa kwa simu. Mweka hazina ahakikishe kwamba simu ya dereva ina fedha za kutosha, na kwamba risiti ya kila kituo inahifadhiwa yenye tarehe na idadi ya uniti, kama ilivyokuwa kwa risiti za petroli. Nchini Kenya bei maalumu ya umeme wa vyombo vya usafiri iliwekwa mwaka 2023, na umeme wa saa zisizo na matumizi makubwa ulipangiwa bei ya chini kuliko wa saa nyingine. Chama chenye mita ya namna hiyo kitaona faida ya kuchaji usiku.

KANUNI YA KITUO CHA PILI

Yote yaliyotangulia hukusanyika katika kanuni moja: gari lisifike katika kituo chochote likiwa haliwezi kwenda mpaka kituo kinachofuata. Chaja huharibika, foleni hutokea, na umeme hukatika. Usiku wa tarehe 25 Agosti 2023 umeme ulikatika katika sehemu kubwa ya Kenya, hata uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta ukaingia gizani. Hata hivyo, usiku wa namna hiyo ni nadra. Jambo la kila siku ni kituo kimoja kilichokufa.

Na itazamwe kanuni hiyo ikifanya kazi, ikichukuliwa kwamba chaja zinazopatana na gari zimethibitishwa Emali, Mtito Andei na Voi.

Kwenda: gari linaondoka Nairobi na uniti 60. Kufika Mtito Andei, kilomita 235 hivi, linatumia uniti 38 na kubaki na 22. Ikiwa chaja ya hapo imekufa, Voi iko kilomita 95 mbele, kiasi cha uniti 16. Litafika likiwa na uniti 6. Limeigusa akiba, lakini limefika. Ikiwa chaja ni nzima, linajazwa hadi uniti 48, yaani asilimia 80, na kufika Voi na uniti 32. Mombasa inahitaji uniti 24 zaidi. Hata Voi ikiwa giza, wajumbe watalala Mombasa. Ikiwa na umeme, dakika 15 za kuongeza chaji zitairudisha akiba mahali pake.

Kurudi: gari linaondoka Mombasa na uniti 60, baada ya kuchajiwa hotelini usiku kucha. Sasa linapanda. Linafika Voi na uniti 29. Hapa ndipo madereva wengi hushawishika kupita, kwa kuwa betri bado ina nusu. Dereva akipita, atafika Mtito Andei na uniti 11. Akikuta chaja imekufa, Makindu, kilomita 70 mbele, kwahitaji uniti 14, na hata huko hakuna kituo kilichothibitishwa. Kurudi Voi kwahitaji zaidi ya hizo alizo nazo. Huyo amekwama, na alikwama tangu alipoipita Voi, ingawa hakujua.

Dereva anayefuata kanuni husimama Voi na kujaza hadi uniti 48, kisha hufika Mtito Andei na uniti 30. Kutoka hapo hadi Nairobi ni kilomita 235 zile zile, lakini kwa kupanda zinahitaji uniti 48 badala ya 38. Asilimia 80 ingekwisha kabisa mlangoni mwa Nairobi. Kwa hiyo lazima asimame Emali, na kwa kuwa Emali nayo yaweza kuwa imekufa, hapa Mtito Andei avuke asilimia 80 na kujaza hadi 90, yaani uniti 54. Atafika Emali na 32. Ikiwa hapana umeme, uniti 26 zitamfikisha Nairobi, na 6 zitabaki. Hapa ndipo muda wa ziada wa kushindilia gunia unapolipa.

WAJIBU WA KILA MMOJA

Mpango huu hauhitaji mtaalamu. Unahitaji karatasi moja, na kila mtu atimize sehemu yake:

1. Katibu aandike kila kituo, umbali wake, uniti zitakazotumika kufika hapo, na kituo cha pili endapo cha kwanza kimekufa. Karatasi ya kwenda iwe mbali na ya kurudi.

2. Katibu apige simu katika kila kituo siku moja kabla ya safari, na tena asubuhi ya safari, kuuliza kama chaja inafanya kazi na ina plagi gani.

3. Mweka hazina atoe fedha za kuchaji pamoja na fedha za dharura, na adai risiti.

4. Dereva aandike uniti zilizobaki kila anapofika kituoni. Tofauti kati ya hesabu na hali halisi itasahihisha karatasi ya safari ijayo.

5. Hotelini, gari lisichajiwe kwa waya mwembamba wa kuunganisha wala kwa soketi iliyochakaa. Umeme mwingi unaopita humo kwa saa nyingi hutia moto, na mara nyingine huunguza nyumba.

Gari la chama limenunuliwa kwa makato ya maziwa, chai na kahawa ya watu ambao wengi wao hawatapanda gari hilo hata siku moja. Likikwama usiku kati ya Voi na Mtito Andei, wanachama hawatasema dereva alisahau kuhesabu. Watasema kamati iliwanunulia kitu kisichofaa. Gari lile lile, likiwa na karatasi yake ya hesabu na akiba yake isiyoguswa, huwafikisha wajumbe mkutanoni kwa wakati na kurudi na risiti ambazo kila mwanachama anaweza kuzisoma.