Sikukuu isikute shuka za wateja kwenye beseni la nyumbani

Wapambanaji wenzangu mnaouza kwa simu, leo naongelea kufua. Najua mmezoea hapa tukiongea picha, bei na namna ya kumjibu mteja msumbufu. Lakini kwa sisi ambao stoo ni chumba cha kulala na ofisi ni uani, hasara ya Desemba mara nyingi haitoki kwenye simu. Inatoka kwenye beseni.

Mimi nauza shuka na mapazia ya mtumba hapa Butiama. Mzigo nachukua Musoma, nakuja nafua, napiga pasi, napiga picha, naweka status na kwenye magrupu. Wateja wangu wengi wako Musoma na Bunda, nawatumia kwa gari za abiria. Watu wakisikia Butiama wanawaza Mwalimu Nyerere na makumbusho. Mimi ikifika Desemba nawaza kamba ya nguo tu.

Mwaka juzi tarehe 22 Desemba nilikuwa na shuka sita nyeupe za wateja wanne. Zote zimeshalipiwa, 13,000 kila moja, jumla 78,000. Na hiyo hela haikuwepo tena. Ilishakuwa mchele, mafuta, kuku wawili na viatu vya mtoto. Nilijiambia mzigo si upo, kesho natuma, shida iko wapi.

Siku hiyo nyumba ilikuwa imejaa. Mama mkwe amefika, wifi yangu na watoto wake wametoka Mwanza, mashuka ya wageni yanahitajika, vyandarua havijafuliwa, sufuria za asubuhi ziko chini. Mimi niko jikoni nageuza ugali huku simu iko begani namjibu mteja wa mapazia. Wifi akaona shuka zimelowekwa uani, akaona dada wa watu nimeelemewa, akaamua kunisaidia. Akaongezea na nguo zake humo humo, ikiwemo kitenge kipya chekundu ambacho hakijawahi kuguswa na maji.

Nilipotoka nje shuka sita zilikuwa kambani, zote zina rangi ya juisi ya rozela.

Jamani, nilipiga kelele. Mbele ya mama mkwe, mbele ya watoto. Wifi hakujibu kitu, alikaa tu kwenye kigoda akashika beseni. Mama mkwe ndiye aliyesema, kwa sauti ya chini kabisa, "Mwanangu, yeye angejuaje kwamba hizi ni za watu?" Na kweli, angejuaje? Shuka za biashara zilikuwa kwenye beseni letu la kila siku, sabuni ile ile, kamba ile ile. Hata mimi nisingejua.

Ujinga wangu wa pili ni kwamba niliziacha kambani huku nalalamika. Kama rangi imehamia, usianike. Nguo ikiwa bado mbichi irudishe kwenye maji safi baridi na sabuni, suuza, rudia tena na tena, rangi nyingi inaweza kutoka. Ikishakauka, au mbaya zaidi ikipigwa pasi, inang'ang'ania. Baadaye nilijaribu jiki. Zile za pamba tupu zilirudi kidogo, zile zenye mchanganyiko wa nailoni mbili zikawa na mabaka ya njano. Jiki ni ya pamba nyeupe, iliyochanganywa na maji mengi kama kopo linavyoelekeza, na usiichanganye na siki wala dawa nyingine ya kusafishia, inatoa hewa mbaya ya kudhuru kifua.

Jioni ile niliwapigia wateja wote wanne. Sikuandika meseji, nilipiga. Mmoja alicheka akasema nimtumie hivyo hivyo kwa 7,000, ni za watoto. Wa pili alikubali kusubiri mzigo wa Januari. Wa tatu alitaka hela yake siku hiyo hiyo, na ilikuwa haki yake. Wa nne yuko Bunda, alikuwa amechukua mbili kwa ajili ya kitanda cha wageni wake. Alinyamaza kidogo kisha akasema, "Nirudishie hela yangu dada, nitafute kwingine kabla maduka hayajafungwa." Nilikopa kwa jirani nikawarudishia wote wawili usiku ule. Yule wa Bunda mpaka leo hajanunua tena kwangu, na alikuwa mtu wa kuniletea wenzake kila mwezi.

Wifi nilimwomba radhi asubuhi yake. Haikuwa rahisi, na sitaki kuwadanganya kwamba sikukuu ile ilikuwa na raha.

Sasa nilichobadilisha. Cha kwanza ni hela, si beseni. Hela ya mteja ambaye mzigo haujamfikia siihesabu kuwa yangu. Inakaa kwenye laini nyingine kabisa, naihamisha akishaniambia "nimepokea". Kama ningekuwa nimefanya hivyo mwaka ule, lile balaa lingekuwa aibu ya saa moja, si deni la mwezi mzima.

Halafu ndiyo beseni. Nina mawili ya kijani, ni ya biashara, hayaoshewi hata kikombe. Kamba ya biashara iko upande wa pili wa nyumba, nimefungia kitambaa cheupe mwanzoni. Wageni wakifika, kabla hata ya chai nawaonyesha: hii ya nyumba, ile ya wateja. Mtu anayetaka kukusaidia msaidie kujua asiguse nini. Kitenge, kanga mpya au jinzi mpya vinafuliwa peke yake, hata kama mwenyewe anaapa havichuji.

Kuhusu kukausha, huku kwetu mvua za vuli huwa bado zipo Desemba na zinapenda kupiga mchana kuelekea jioni. Ukianika saa tano umechelewa. Mimi naloweka usiku, nafua saa kumi na moja alfajiri kabla nyumba haijaamka, saa moja na nusu zote ziko kambani. Ikifika saa saba naanza kushika pindo. Usishike katikati ya shuka, katikati inakauka haraka na kukudanganya. Shika pindo na mshono, kisha weka shavuni. Ukisikia ubaridi, bado. Shuka yenye unyevu ukiifunga kwenye mfuko wa nailoni ikalala kwenye gari na stendi siku mbili, inafika na harufu ya ukungu, na mteja hatakuambia ni mvua, atasema unauza uchafu. Siku ya mawingu naanika ndani na madirisha wazi, na mzigo huo hautoki mpaka kesho yake. Mteja namwambia ukweli mapema.

Pasi ya mkaa nayo ina mambo yake. Pulizia mbali na nguo, futa chini kwa kitambaa kibichi, jaribu kwanza kwenye kitambaa kibovu. Cheche moja ni shuka moja.

Na hebu tuongee bei, maana hapa ndipo wengi tunajidanganya. Nilikuwa nanunua shuka 8,000, nauza 13,000, nasema faida 5,000. Siku moja nikakaa na daftari nikahesabu shuka kumi: maji ndoo nane za mia mia ni 800, sabuni ya unga 2,000, mkaa wa pasi 1,000, mifuko 500, na jirani ninayemlipa kunisaidia kufua 3,000. Jumla 7,300. Kila shuka inakula 730 kabla sijaweka bando wala nauli ya kufuata mzigo. Desemba maji na mkaa vikipanda, inakula zaidi. Siku hizi hiyo imo ndani ya bei. Na jirani namlipa kweli, hata ikiwa ni wiki ya sikukuu, hasa ikiwa ni wiki ya sikukuu. Kuna wanaosema dada wa kazi au mtoto wa shemeji atafua bure. Atafua, ndiyo, lakini siku akichoka hutakuwa na neno la kumwambia.

Oda za kabla ya Krismasi nafunga tarehe 18. Tarehe 19 na 20 natuma zilizobaki. Kuanzia 21 beseni za kijani zinalala chini ya kitanda na uani kunakuwa kwa nyumba: vyandarua, blanketi, mashuka ya wageni, nguo za watoto za kanisani. Status naandika wazi kwamba nimefunga mpaka tarehe 27, na simu najibu saa tatu usiku tu, watu wakishakula. Mwaka jana niliogopa kwamba nitapoteza oda. Nilipoteza kama tano hivi. Tatu zilirudi zenyewe baada ya mwaka mpya, za watu wenye wanafunzi wanaoenda bweni Januari, na hao walitaka shuka mbili mbili.

Wageni wakizidi mashuka, nilikuwa na tabia ya kuchomoa za biashara, "si nitafua tu." Hiyo nimeacha. Mwaka huu nimenunua mbili kutoka kwenye mzigo wangu mwenyewe, nimeandika kwenye daftari kama mteja mwingine, nimelipa. Wifi anakuja tarehe 23. Alinipigia juzi kuuliza nini alete kutoka Mwanza, nikamwambia sabuni, na asilete kitenge kipya. Alicheka sana, akasema anacho kimoja cha bluu.