Fjærland: Kijiji kilichobadilisha serikali bila kuhama

Fungua ramani ya Norway kwa simu yako, uende upande wa magharibi pale bahari imeingia nchi kavu kama vidole. Kidole kirefu kuliko vyote kinaitwa Sognefjord, kilomita 205 kutoka bahari wazi hadi ndani kabisa. Fuata tawi lake moja linalokata kuelekea kaskazini. Pale maji yanapogonga milima na kukosa pa kwenda, ndipo kuna Fjærland. Wakaaji ni kama mia tatu hivi. Kuna ploti Pipeline zina wapangaji kuliko hao.

Sasa hawa watu mia tatu wana stori moja ya utawala ambayo imenishika. Nyumba zao hazijasogea hata hatua moja, lakini mnamo Januari 1, 2000 walitolewa manispaa moja wakatiwa nyingine. Na kilichowahamisha, ukiangalia vizuri, ni barabara.

Wacha tuanze na mahali penyewe. Fyodi, kwa wale hawajawahi kukutana na neno hilo, ni bonde lililochongwa na barafu enzi za kale, kisha bahari ikaingia. Ndio maana kingo zake zimesimama wima na maji yana kina cha kutisha: Sognefjord inafika mita 1,308 kwenda chini. Kwa sehemu nyingi, aliyechonga alishayeyuka kitambo. Fjærland bado wanaishi naye. Juu ya kijiji kuna Jostedalsbreen, mto wa barafu mkubwa kuliko yote katika bara la Ulaya, na mikono yake miwili, Bøyabreen na Supphellebreen, inateremka hadi karibu na mashamba. Yaani unalisha ng'ombe huku barafu inakuangalia. Wakati wa joto maji yanayoyeyuka hubeba unga wa mawe, na fyodi inageuka rangi ya kijani kama iliyotiwa maziwa.

Milima hiyo inapendeza kwa picha, lakini kwa mkaaji ilikuwa ukuta. Hadi 1986 hakukuwa na barabara yoyote ya kutoka Fjærland. Ulitoka kwa boti. Watalii walioenda kutazama barafu walifika kwa boti, na hoteli ya Mundal, ambayo ni jengo la mbao la 1891, ilijengwa kwa ajili ya hao. Daktari, barua, unga, jeneza, kila kitu kilipitia majini.

Na boti ilielekea wapi? Balestrand, kule mdomoni mwa tawi la fyodi. Kwa hivyo serikali yao pia ilikuwa huko. Norway ilianzisha manispaa zake mwaka 1838, na eneo hilo lote likawa chini ya Leikanger. Katikati ya karne hiyo Balestrand ikajitenga, ikaondoka na Fjærland. Kwa zaidi ya miaka mia moja hakuna aliyeona ajabu. Kama njia yako ni maji, mkubwa wako ni yule anayekaa mwisho wa hayo maji. Mtu wa Likoni hahitaji kuelezwa hii.

Halafu mwaka 1986 wakatoboa mlima. Handaki la zaidi ya kilomita sita, chini ya ukingo wa barafu, kuelekea Skei upande wa kaskazini. Aliyelifungua rasmi alikuwa Walter Mondale, makamu wa rais wa zamani wa Marekani, yule aliyepigwa na Reagan kwa kura 1984. Usishangae. Jina Mondale linatoka Mundal, kitovu cha hicho kijiji; mababu zake walihamia Amerika karne ya 19. Mjukuu wa wahamiaji akarudi kufungua njia ambayo wazee wake hawakuwa nayo. Hiyo hata mwandishi wa filamu angeambiwa apunguze chumvi.

Lakini angalia kichekesho: barabara hiyo ya kwanza ilienda kwa majirani wa kaskazini, wilaya nyingine kabisa. Ukitaka ofisi za manispaa yako, bado ni boti. Hali hiyo ilidumu miaka minane, hadi 1994, handaki la pili lilipofunguliwa kuelekea kusini, Sogndal. Sasa mji wenye maduka na shule kubwa ukawa kama nusu saa kwa gari. Na Balestrand? Kufika huko kwa gari ilibidi kwanza upite Sogndal, kisha Leikanger, kisha upande feri pale Hella. Unapita mlango wa serikali ya jirani ukienda kutafuta yako. Miaka sita baadaye ramani ikakubali kile ambacho magurudumu yalikuwa yameshaamua, Fjærland ikawa Sogndal.

Kitu ambacho kingeweza kuua kijiji ni hiki: barabara inayoleta watu ndiyo hiyo hiyo inayowapitisha mbio. Fjærland walijibu kwa njia yao. Mwaka 1991 walipata jumba la makumbusho ya barafu, limechorwa na Sverre Fehn, ambaye 1997 alishinda tuzo ya Pritzker, ile kubwa ya wasanifu majengo. Na katikati ya miaka ya tisini wakaanzisha mji wa vitabu. Mabanda ya zamani ya mifugo na hata chumba cha kungojea feri vilijazwa vitabu vya mitumba. Kuna rafu za nje kando ya barabara. Unachukua chako, unaacha pesa kwa kisanduku, hakuna askari. Mimi niliyeacha chuo bila kumaliza, hiyo ndiyo maktaba naiota. Hakuna kadi ya mwanafunzi, hakuna balansi ya karo.

Mambo hayakuishia hapo. Serikali ya Norway ilikuwa inasukuma manispaa ndogo ziungane, na idadi ikashuka kutoka 428 hadi 356 kufikia 2020. Januari 1 mwaka huo kaunti ya Sogn og Fjordane iliunganishwa na Hordaland ikazaliwa Vestland. Siku hiyo hiyo Leikanger na Balestrand zikafutwa, zikaingizwa Sogndal. Mama na nyanya wa zamani wa Fjærland, wote wawili, wakaja kupanga nyumba moja na mtoto aliyetangulia kuhama miaka ishirini kabla.

Tofauti ni kwamba Fjærland wanafika mjini kwa handaki, mvua iwe au theluji. Watu wa Balestrand, kufika makao makuu ya manispaa yao mpya, bado wanapanga foleni Dragsvik wakingoja feri.