Saving Mr. Banks: Machozi ya mwandishi wa Mary Poppins hayakuwa ya furaha

Kama umeitazama Saving Mr. Banks, filamu ya mwaka 2013, unakumbuka mwisho wake: mwanamama mkali, P. L. Travers (Emma Thompson), anaketi ukumbini, anaangalia Mary Poppins na kutokwa machozi. Unatoka ukiamini Walt Disney (Tom Hanks) kamlainisha, mambo yakaisha vizuri.

Ukweli ni tofauti kidogo.

Travers ni nani?

Alizaliwa Australia mwaka 1899 kwa jina la Helen Lyndon Goff. Baba yake, Travers Goff, alikuwa mtu wa benki na mnywaji. Alifariki mwaka 1907, binti akiwa na miaka 7 tu. Binti alipokuwa mtu mzima alihamia Uingereza, akalichukua jina la baba kuwa jina lake la uandishi.

Mwaka 1934 akatoa kitabu cha Mary Poppins, yaya anayeletwa na upepo kulea watoto wa Bwana Banks. Huyo Banks naye ni mtu wa benki. Filamu inajenga hoja yake hapo: Travers alikuwa akilinda kumbukumbu ya baba yake.

Kwa nini alikataa?

Disney alimbembeleza kwa takriban miaka 20. Travers hakutaka katuni, na aliogopa yaya wake mkali angegeuzwa kuwa mpole na mtamu kupita kiasi. Lakini pesa ya vitabu ilipungua, na mwaka 1961 akaenda Los Angeles kuupitia muswada wa filamu. Alitaka vikao virekodiwe. Kanda hizo zipo hadi leo, na sauti yake halisi inasikika mwishoni mwa filamu.

Kipi kimeongezwa chumvi?

Ralph, yule dereva mcheshi, ni wa kubuni. Disney kupanda ndege hadi London kumshawishi, nayo ni ya kubuni.

Kubwa zaidi ni uzinduzi wa mwaka 1964. Travers hakualikwa, ikabidi aombe nafasi mwenyewe. Kweli alilia, lakini si kwa furaha. Baadaye alimwambia Disney sehemu ya katuni iondolewe. Disney akakataa. Mkataba ulimpa Travers sauti kwenye muswada, si kwenye filamu iliyokwisha kamilika. Hapo ndipo alipokwama.

Alipata nini?

Mary Poppins ilishinda tuzo 5 za Oscar. Travers alikuwa na asilimia 5 ya mapato, akawa tajiri. Hata hivyo, mpaka anafariki mwaka 1996, hakuna filamu ya pili iliyotoka. Mary Poppins Returns ilikuja mwaka 2018. Alipokubali kitabu kiwe mchezo wa jukwaani, alitoa sharti: waandishi wawe Waingereza, na asihusishwe yeyote aliyefanya kazi kwenye filamu ile.

Saving Mr. Banks ni filamu tamu na Thompson ameigiza vizuri mno. Ila imetolewa na kampuni ileile ya Disney, na Travers alikuwa ameshafariki miaka 17 ilipotoka. Safari hii hakukuwa na mtu wa kuupitia muswada na kusema hapana.