Unauza sarafu za Bitcoin za kushika mkononi? Soma hii kabla hujaposti

Wiki hii nimepata meseji kama sita inboksi, zote zinauliza kitu kimoja: zile sarafu za Bitcoin za rangi ya dhahabu nazitoa wapi na zina faida gani. Najibu hapa hapa ili tusome wote. Faida ipo. Ila mimi zilinipa hasara kwanza, na hasara yenyewe haikutoka kwenye mzigo, ilitoka kwenye neno moja nililoandika kwenye tangazo.

Nina duka dogo la zawadi Mwanza, biashara nusu iko kwenye fremu na nusu iko kwenye simu. Mwaka juzi niliagiza sarafu 40 kutoka China, zikaja na mzigo wangu mwingine. Nilipopiga hesabu na usafiri, kila moja ilinifikia kwa shilingi 3,500. Zinang'aa hasa, zina ile alama ya B yenye vistari, kila moja na kikava chake cha plastiki. Nikazipanga juu ya kitambaa cheusi, nikapiga picha, nikaandika: BITCOIN ORIJINO, MZIGO UMEINGIA, 25,000 TU. Hilo neno "orijino" nililiweka kwa mazoea tu. Si unajua sisi, kila kitu kwetu ni orijino. Kiatu orijino, chaja orijino, hata kitambaa cha kufutia vumbi orijino.

Mzee mmoja mstaafu akaja dukani mwenyewe, akachukua 12. Laki tatu taslimu, hakuomba hata kupunguziwa. Nikamuuliza, "Mzee, za zawadi hizi?" Akacheka, akasema ni za wajukuu, za baadaye. Mimi nikaelewa wajukuu watachezea. Nikafunga hesabu ya siku nikiwa na furaha, na hela ile ikaingia kwenye mzigo mpya wa vikombe.

Kama mwezi ukapita, akarudi.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Nimekuja unielekeze, hizi zinabadilishwa wapi?"

Nikadhani ananitania. Hakuwa anatania. Alisikia redioni kwamba Bitcoin moja inauzwa kwa mamilioni ya shilingi, akaona kijana anaziuza 25,000, akaona Mungu amemkumbuka. Alikuwa na 12 ndani ya soksi, nyumbani. Nilimwangalia usoni nikakosa la kusema. Nikamwomba aniachie siku mbili, nikaanza kusoma. Ilibidi nisome kitu ambacho nilikuwa nimeshakiuza.

Nilichojifunza ni hiki. Bitcoin haina sarafu ya chuma. Tangu ilipoanza Januari 2009 ni hesabu tu, daftari moja kubwa linalotunzwa kwenye kompyuta nyingi duniani kwa wakati mmoja, linaloonyesha anwani gani ina kiasi gani. Mwenye pesa ni yule mwenye ufunguo wa siri wa anwani hiyo, ambao ni mfuatano mrefu wa herufi na namba. Unafanana na namba yako ya siri ya pesa za simu, ila huku hakuna huduma kwa wateja wa kumpigia, hakuna kitambulisho. Aliyeujua ufunguo ndiye mwenye mali. Kwa hiyo zile sarafu zangu 40 zilikuwa vyuma vyenye picha, kama vile kikombe chenye picha ya gari kisivyo gari.

Ila sasa, kuna kitu kinachofanya watu wachanganyikiwe, na ni vizuri ukijue maana kuna siku mteja atakubana nacho. Kuna sarafu za chuma ambazo kweli zilikuwa na Bitcoin ndani.

Mwaka 2011, kule Utah, Marekani, jamaa mmoja anaitwa Mike Caldwell alianza kutengeneza sarafu alizoziita Casascius. Fikiria vocha ya kukwangua, ile ya salio la simu. Vocha yenyewe ni karatasi tu, thamani iko kwenye namba iliyofichwa, na ukishakwangua ukaiingiza kwenye simu, karatasi unatupa. Caldwell alifanya hivyo hivyo kwa chuma. Aliweka ufunguo wa siri umechapwa kwenye kikaratasi kidogo nyuma ya sarafu, akaufunika kwa stika ya kung'aa yenye rangi rangi kama ile unayoiona kwenye vyeti. Juu ya stika zinasomeka herufi 8 za mwanzo za anwani, ili mtu aangalie mtandaoni kama pesa bado ipo bila kuifungua. Ukibandua stika, inaacha alama kama sega la nyuki na hairudi tena ilivyokuwa. Kwa hiyo anayenunua anajua mara moja kama imeshakwanguliwa.

Zilikuwepo za Bitcoin 1, za 5, 10, 25, na kubwa zaidi mpaka 1,000. Wakati anaanza, Bitcoin moja ilikuwa dola chache tu. Kuna watu walinunua moja wakaiweka kwenye droo wakaisahau. Toleo la kwanza hata lilikosewa herufi, kwenye stika likaandikwa CASACIUS, S moja imeruka, na leo wakusanyaji wanalitafuta hilo lenye makosa kuliko lililo sahihi. Sisi kwetu bidhaa yenye makosa ya maandishi unaiuza nusu bei, wenzetu wanaongeza.

Novemba 2013, FinCEN, kile kitengo cha Wizara ya Fedha ya Marekani kinachofuatilia uhalifu wa kifedha, kikamwambia Caldwell kwamba kuuza sarafu zenye pesa ndani ni biashara ya kusafirisha fedha na kuna masharti yake. Akaacha kuuza zenye pesa. Maana yake hazitengenezwi tena, na kila moja inayobanduliwa inapunguza idadi ya zilizobaki nzima. Ndiyo maana sarafu nzima huuzwa kwa thamani ya Bitcoin iliyomo na nyongeza juu, hela ya uadimu. Iliyobanduliwa inakuwa na bei pia kwa wakusanyaji, ila hiyo ni bei ya chuma chenye historia tu.

Walikuja wengine baada yake. Lealana, Denarium ya Finland, na BTCC ya China. Nyingine ziliuzwa tupu, mnunuzi ajaze mwenyewe. Kwa hiyo hata sarafu yenye jina linalojulikana inaweza isiwe na kitu ndani.

Nilipofika hapa kwenye kusoma nikapata tamaa, sikufichi. Nikasema kumbe mtaji uko huku, ninunue moja nzima niiuze kwa faida. Nikaendelea kusoma, tamaa ikaisha yenyewe. Kwanza aliyetengeneza aliziona funguo zote wakati anazichapa, na wewe unaamini tu kwamba hakubaki na nakala. Caldwell wakusanyaji wanamwamini, mwingine usiyemjua utamwaminije? Pili, mwaka 2013 kwenye mkutano wa wadukuzi wa DEF CON kule Las Vegas, watu walionyesha jinsi ya kuchomeka sindano chini ya stika, wakaingiza kimiminika cha kuyeyusha gundi, stika ikatoka na kurudishwa bila kuacha ile alama. Tatu, anwani ni kitu cha wazi. Ukiona mtandaoni kwamba anwani fulani ina Bitcoin 1, hiyo inakuambia anwani ina pesa, haikuambii kwamba hicho chuma ulichoshika ndicho chenye ufunguo wake. Mtu anaweza kunakili herufi za sarafu ya mwenzake akazichapa kwenye stika yake. Ndiyo maana wakusanyaji wa kweli wanapeleka sarafu kwa kampuni za ukaguzi kama ANACS ya Marekani, inafungwa kwenye plastiki ngumu yenye namba, na hata hapo wanataka kujua imepita mikononi mwa nani.

Sasa mimi na wewe tunaopima vifurushi kwa wakala wa basi, hapo tunaingiaje? Hatuingii. Na akitokea mtu anakuuzia "yenye Bitcoin moja ndani" kwa laki mbili, jiulize swali la kitoto kabisa: kwa nini asiifungue mwenyewe achukue mamilioni? Tena kumbuka Benki Kuu ya Tanzania ilitoa tangazo Novemba 2019 kutahadharisha watu kwamba sarafu hizi za mtandaoni hazitambuliki kisheria nchini. Tangazo lako linalosema "wekeza hapa" siyo la kulichukulia kama utani.

Nirudi kwa mzee. Siku ya tatu alikuja, nikamweleza yote, na ule mfano wa vocha ndio uliomwingia. Alinyamaza kidogo akauliza, "Kwa hiyo hizi ni vocha zisizo na namba?" Nikamwambia ndiyo. Hakupiga kelele. Bora angepiga. Akanionyesha picha ya tangazo langu kwenye simu ya mjukuu wake, kidole kikiwa juu ya neno orijino. Ningeweza kubishana kwamba sikumwahidi kitu, na kusema kweli sikumwahidi kwa mdomo. Lakini kile kidole kilikuwa kimeshamaliza kesi. Laki tatu yake ilikuwa imeshakuwa vikombe. Nikamlipa laki moja siku ile, iliyobaki nikamlipa elfu hamsini hamsini kwa miezi minne, kila tarehe tano. Kuna mwezi nilikopa kwa dada yangu ili tarehe isipite.

Zile zilizobaki nilitaka kuzitupa. Dada ndiye aliyenizuia, akasema bidhaa haina kosa, kosa ni maelezo. Nikaanza upya.

Sasa hivi tangazo langu linasema hivi: "Sarafu ya mapambo yenye alama ya Bitcoin. Chuma chenye rangi ya dhahabu, siyo dhahabu. HAINA PESA NDANI. Kipenyo milimita 40, ina kava la plastiki na kistendi cha mbao. 12,000." Hayo ya kutokuwa na pesa nimeyaweka kwenye picha yenyewe pia, kwa sababu watu wanasambaza picha bila maelezo, na mzee wangu alionyeshwa picha. Rangi ya dhahabu ni ya juu tu, na za kwangu zinanasa kwenye sumaku, kwa hiyo ukimwandikia mteja "24K" umejichongea. Jasho la mikono linazichubua mapema, mwambie aache ndani ya kava.

Kabla ya kupokea hela nauliza kwa meseji, kila mteja, hata rafiki: "Unajua hii ni pambo, haina Bitcoin?" Asubiri ajibu ndiyo, ndipo nampa namba ya kulipia. Meseji ile siifuti. Wapo wanaoondoka hapo hapo, na mwanzoni iliniuma. Ila angalia wanaobaki: vijana wanaofanya biashara ya sarafu za mtandaoni wanataka kitu cha kuweka mezani, wapiga video wanataka kifaa cha kuonyesha, na siku hizi mpishi mmoja wa keki ananichukulia nne nne za kupamba keki za wahitimu. Sijawahi kurudishiwa hata moja na hao. Na kwa 12,000, ukitoa 3,500 ya sarafu, 2,000 ya kistendi na mfuko wa kufungashia, bado unabaki na kitu cha kueleweka.

Tahadhari moja ya mwisho kuhusu viwanda. Nilipoagiza mara ya pili, muuzaji wa kule aliniuliza kama nataka stika ya kung'aa nyuma, yenye namba namba, kwa senti chache zaidi. Nilijua inafanana na nini. Nikakataa. Wewe pia ukiletewa zenye stika, zibandue kabla hujapiga picha, maana stika ile kazi yake ni moja tu.

Mzee anapita bado dukani, anaenda sokoni. Alirudisha 11, moja akabaki nayo, akasema mjukuu ameshaizoea, na akipita ananiita "mwenye benki" kwa sauti ili majirani wasikie.

Kwa ninyi sita wa inboksi: sina shida kuwaunganisha na anayeniletea, na kama mnataka kuanza kidogo naweza kuwapa kumi kumi kwa 5,000 kila moja, kuchukua Mwanza au kwa basi. Kabla hujatuma hela, nitumie kwanza tangazo lako nilisome.