Almasi Hupasuka: Weka Nyundo Chini

Swali ni lile lile, na linaulizwa na wachimbaji, madalali, maharusi na hata masonara wenye maduka yao: "Kama ni almasi halisi, si ukiipiga nyundo haivunjiki?" Itavunjika. Vipande vyake vitabaki kuwa almasi halisi, ila sehemu kubwa ya thamani itakuwa imekwisha kupotea. Nimechoka kuletewa vibanzi ndani ya karatasi iliyokunjwa, huku mwenye mali akitaka nimwambie kama jiwe alilokuwa nalo jana lilikuwa la kweli. Mara nyingine lilikuwa la kweli, na kumwambia mtu hivyo ni kazi nzito.

Kosa linaanzia kwenye jambo la kweli. Almasi ni ngumu kuliko madini mengine yote ya asili tunayoyafanyia kazi. Lakini ugumu wanaousema wataalamu wa vito ni kitu kimoja tu: uwezo wa jiwe kukataa kukwaruzwa. Mwaka 1812 Mjerumani Friedrich Mohs alipanga madini 10 kwa kigezo hicho, kila moja likikwaruza yaliyo chini yake. Kwatzi ikakaa kwenye 7, topazi kwenye 8, korandamu, yaani rubi na yakuti, kwenye 9, na almasi kwenye 10. Kipimo hicho hakina nyundo popote. Uwezo wa kuhimili pigo bila kupasuka ni sifa nyingine kabisa. Mimi huiita ukakamavu, na jiwe laweza kuwa na ugumu mwingi likawa na ukakamavu mdogo.

Imani ya nyundo ni kongwe. Pliny, mwandishi wa Kirumi wa karne ya 1, aliandika kwamba almasi ikiwekwa juu ya fuawe hulirudisha pigo hata chuma kikavunjika, na kwamba hakuna kinachoilainisha isipokuwa damu ya mbuzi ikiwa bado mbichi na ya moto. Maneno hayo yalinakiliwa karne baada ya karne na watu wenye elimu yao. Ilipofika 1563, Garcia de Orta, tabibu Mreno aliyeishi Goa palipokuwa na biashara kubwa ya vito, aliandika wazi kwamba almasi huvunjika na kupondwa. Hakuwa amevumbua lolote. Wakataji walikwisha kulijua jambo hilo kwa mikono yao, maana almasi husuguliwa kwa unga wa almasi. Anayeshikilia kwamba almasi haivunjiki atueleze basi unga huo unapatikanaje.

Sababu iko ndani ya jiwe lenyewe. Kila atomu ya kaboni katika almasi imeshikana na nyingine nne kwa vifungo vyenye nguvu mno, ndiyo maana hakuna jiwe la asili linaloikwaruza kwa urahisi isipokuwa almasi mwenzake. Lakini vifungo hivyo havikusambaa kwa usawa pande zote. Kuna pande nne ambazo matabaka yake yameshikwa kwa vifungo vichache zaidi, na pigo likiangukia huko ufa hukimbia moja kwa moja. Mpasua kuni anaifahamu hali hii: gogo linalogoma ukilipiga kwa kukatisha nyuzi zake hufunguka kwa shoka moja ukilipiga kwa kuzifuata. Tena almasi haina namna ya kubonyea ili ilimeze pigo. Dhahabu ni laini, hata mwiba wa chuma huikwaruza, lakini igonge na itatandazika tu. Almasi ama inahimili, ama inapasuka.

Waliolitegemea hili kuliko wote ni mafundi wenyewe. Jiwe la Cullinan, almasi kubwa kuliko zote za ubora wa vito, lilipatikana Afrika Kusini mwaka 1905 likiwa na karati 3,106. Mwaka 1908, huko Amsterdam, Joseph Asscher alichimba mfereji mdogo kwenye upande wa mpasuko, akaweka bapa la chuma, akaligonga. Almasi kubwa kuliko zote ikagawanyika kwa pigo la mkono wa binadamu. Sasa fikiria almasi ya waridi iliyotoka Mwadui, Shinyanga, mwaka 1947, ikiwa na karati 54.5, ikakatwa hadi karati 23.6 kwa ajili ya Malkia Elizabeth, wakati huo akiwa bado binti mfalme. Kama mtu wa kwanza kuishika angetaka "kuhakikisha" kwa nyundo, leo tusingekuwa na cha kusimulia.

Na ubaya wa nyundo hauishii kwenye hasara. Nyundo hutoa jibu la uongo. Korandamu haina pande za mpasuko kama almasi, kwa hiyo yakuti nyeupe iliyotengenezwa kiwandani, ya bei rahisi, yaweza kuhimili pigo ambalo lingeipasua almasi. Kwa kipimo hicho utaitunza bandia na kuitupa halisi. Nefraiti, jiwe la aina ya jade, iko kwenye 6 au 6.5 tu kwa kipimo cha Mohs, lakini imeundwa na nyuzi nyembamba zilizosokotana, na ufa haupati njia ya kupita. Wamaori wa New Zealand waliifanya kuwa rungu la vita. Ushahidi mzuri zaidi ni almasi nyeusi iitwayo kabonado, inayopatikana Brazil na Jamhuri ya Afrika ya Kati. Ni kaboni ile ile, lakini ni fuwele ndogo zisizohesabika zilizoelekea kila upande, hivyo ufa ukianza hugonga mwamba hapo hapo. Madini ni yale yale, na ukakamavu ni tofauti kabisa.

Kipimo cha moto na maji baridi nacho kiachwe, hasa kwa tanzanaiti. Watu wamesikia kwamba tanzanaiti huchomwa kwenye tanuri, rangi ya kahawia ikageuka bluu, wakahitimisha kwamba moto hauidhuru. Tanuri hupandishwa joto polepole na kushushwa polepole. Kinachoipasua ni mabadiliko ya ghafla. Jiwe hili, lililogunduliwa Mirerani mwaka 1967, lina ugumu wa 6 hadi 7 na upande mmoja wa mpasuko ulio wazi sana. Linahitaji kutunzwa kwa heshima.

Ufanyeje basi? Jiwe lisilofungwa kwenye pete lipime uzito hewani, kisha likiwa limening'inia ndani ya maji. Gawanya uzito wa hewani kwa uzito uliopungua. Almasi hutoa 3.52, kioo cha kawaida karibu 2.5, na zikonia, bandia iliyojaa madukani, zaidi ya 5.5. Topazi nyeupe hukaribia sana almasi, kwa hiyo usiishie hapo. Kalamu ya kupima upitishaji joto husaidia, ila mosanaiti, bandia nyingine, huidanganya. Dai ile inayopima na umeme. Kukwaruza kioo hakuthibitishi kitu, kwatzi ya mtoni pia hukikwaruza. Kwa jiwe la thamani nenda Kituo cha Jemolojia Tanzania kilichopo Arusha, au uza katika masoko ya madini yaliyoanzishwa mwaka 2019, mbele ya maofisa.

Kwa aliyekwisha kuvaa: tanzanaiti na zumaridi zinafaa zaidi hereni na kidani kuliko pete ya kila siku. Ukitaka pete, fundi azungushie ukingo wa dhahabu. Safisha kwa maji ya uvuguvugu, sabuni laini na brashi laini. Kataa mashine ya mtetemo na mvuke. Usifute vumbi kwa kitambaa kikavu, kwa kuwa vumbi lina chembe za kwatzi. Usiweke vito vyote mfuko mmoja, almasi itavikwaruza vingine. Sonara akitaka kuwasha moto wa kuungia, jiwe litoke kwanza.

Na akija mnunuzi anayesisitiza kwamba lazima jiwe lako lionje nyundo ndipo aamini, msikubaliane bei "likihimili". Likipasuka atakuambia ni takataka, kisha atajitolea kukuokotea vipande. Anayetaka kupiga nyundo alipe kwanza bei kamili, halafu apige jiwe lake.