Phoenix: jiji la jangwani linalotafuta mafundi wa chipu

Familia nyingi kutoka Kongo na Burundi zilizopokewa Marekani kama wakimbizi zilianza maisha mapya Phoenix, katika jimbo la Arizona. Leo jiji hilo linasifika kwa jambo jingine: kutengeneza chipu, vile vipande vidogo vya silikoni vinavyoendesha simu, magari na kompyuta. Ikiwa una kijana anayemaliza sekondari, au wewe mwenyewe unafikiria kubadili kazi, inafaa kujua nini kinaendelea huko.

Sifa hiyo haikuja kwa siku moja. Motorola ilifungua maabara Phoenix mwaka 1949, na tangu miaka ya 1980 Intel inatengeneza chipu katika mji jirani wa Chandler. Eneo hili lina ardhi tele na ni nadra kupata tetemeko la ardhi. Hilo la mwisho ni muhimu, maana mtikisiko mdogo tu huharibu kazi ya mashine zinazochora nyaya nyembamba kuliko unywele mara maelfu.

Mwaka 2020, kampuni ya TSMC ya Taiwan ilitangaza kujenga kiwanda kaskazini mwa Phoenix kwa dola bilioni 12. Machi 2025 ahadi hiyo ilikuwa imefika dola bilioni 165. Uzalishaji ulianza mwishoni mwa 2024, baada ya kuchelewa. Mwaka 2023 kampuni ilieleza kwamba ilikosa mafundi wa kutosha wenye ujuzi wa kufunga mitambo.

Wengi hudhani kazi hizi ni za wenye shahada kubwa tu. Wahandisi wanahitajika, lakini kiwanda hakiendi bila mafundi wa kuangalia mashine, kubadilisha vipuri na kurekebisha pampu. Wanavaa vazi jeupe linalofunika mwili mzima, kwa sababu chembe moja ya vumbi inaweza kuharibu chipu. Vyuo vya jamii vya Maricopa vilianzisha mwaka 2022 kozi fupi ya siku kumi kwa wanaoanza. Hata hivyo, cheti si barua ya ajira. Kinakufungulia mlango wa usaili, nawe unaweza kuendelea na diploma, kisha shahada katika Chuo Kikuu cha Jimbo la Arizona.

Kwa wanafunzi wenye viza ya F-1, kanuni zilizopo zinaruhusu kuomba miezi 12 ya kazi baada ya kuhitimu, na miezi 24 zaidi kwa waliosomea sayansi au uhandisi. Muulize mshauri wa wanafunzi wa kigeni mapema, usisubiri mwaka wa mwisho.

Kabla ya kufunga mizigo, pigeni hesabu nyumbani. Viwanda hivi havizimwi usiku wala sikukuu, na zamu za saa 12 ni za kawaida. Nani atapeleka watoto shule? Kiwanda cha TSMC kiko pembezoni mwa jiji, na bila gari utapata taabu. Joto nalo si mchezo: mwaka 2023 Phoenix ilipitisha siku 31 mfululizo zenye nyuzi 43 au zaidi. Sehemu ya maji hutoka mbali, kwa mfereji kutoka mto Colorado unaozidi kupungua, na viwanda vya chipu hutumia maji mengi.

Biashara hii pia hupanda na kushuka. Mwaka 2024, katikati ya ujenzi huo wote, Intel ilitangaza kupunguza zaidi ya asilimia 15 ya wafanyakazi wake duniani. Kwa hiyo mshaurini kijana wenu asome umeme, mitambo au kompyuta kwa upana wake, si mashine ya kampuni moja. Fundi mwenye msingi huo akikosa nafasi kwenye chipu, ataipata hospitalini, kwenye mitambo ya maji au ya umeme, Phoenix au kwingineko.