Kinyonga wa Milimani na Hewa Isiyotembea

Kosa linalowaponza wafugaji wengi wa kinyonga wa Jackson, yule ambaye dume wake ana pembe tatu usoni, huanzia kwenye taarifa sahihi. Asili yake ni nyanda za juu za Kenya na kaskazini mwa Tanzania, kuanzia miteremko ya Mlima Kenya hadi Mlima Meru, penye umande na ukungu mwingi. Mfugaji wa Ulaya au Marekani akishalijua hilo humweka kwenye kizimba cha kioo, humpulizia maji kutwa, na huridhika kuona kipimo cha unyevu kikisoma asilimia 80 saa zote. Muda si muda kioo kinatiririka, udongo wa mimea unaota kuvu, na kinyonga anaanza kuhema mdomo wazi. Hapo ushauri wa haraka huwa ni kupunguza maji. Kwa maoni yangu, ushauri huo unakosea shabaha. Unyevu huwa umezidi pale kilicholowa kinaponyimwa nafasi ya kukauka, na dawa yake ni mwendo wa hewa na mpangilio wa saa.

Tuanze na namba yenyewe, maana hupotosha. Asilimia ya unyevu huonyesha hewa imejaa mvuke kiasi gani ikilinganishwa na uwezo wake wa kuubeba, na uwezo huo hukua kadiri joto linavyopanda. Hewa ya nyuzi 12 yenye unyevu wa asilimia 95, kama ya alfajiri milimani, ina takriban gramu 10 za mvuke katika kila mita ya ujazo. Jua likiipasha hadi nyuzi 23, mvuke ukiwa uleule, kipimo kitasoma chini kidogo ya asilimia 50. Kwa hiyo mlima huohuo unaosifiwa kwa ubichi hulowa usiku na kukauka mchana, tena upepo ukipita muda wote. Anayeshikilia asilimia 80 mchana kutwa chini ya taa ya joto ameumba hali ambayo mnyama wake hakuizoea kwao. Hata kisiwani Oahu, Hawaii, walikofikishwa vinyonga hawa mwaka 1972, wamestawi kwenye sehemu zenye mvua nyingi, lakini mvua hiyo huwanyeshea mahali pa wazi.

Madhara ya hewa nzito, yenye joto na isiyotembea huonekana zaidi kwenye mapafu. Reptilia hana kiwambo cha kumsaidia kukohoa kama sisi, hivyo makamasi yakijikusanya ndani hayatoki kwa urahisi, na bakteria wanaostawi kwenye maji yaliyotuama hupata makao. Mapovu puani, sauti ya kukwaruza anapovuta pumzi, au kichwa kinachoinuliwa kila mara kutafuta hewa ni sababu ya kumwona daktari wa wanyama mara moja. Mdomo wazi peke yake waweza kuwa dalili ya joto tu, lakini usipokoma baada ya kizimba kupoa, usisubiri.

Marekebisho huanzia kwenye kizimba. Cha wavu hupitisha hewa kila upande. Cha kioo kinafaa iwapo kina matundu ya hewa chini mbele na paa la wavu, kwa kuwa hewa iliyopashwa na taa hupanda na kutokea juu, nayo hewa mpya huvutwa kutoka chini. Maji yapulizwe kwa dakika chache kabla ya taa kuwashwa na tena baada ya kuzimwa, kisha majani yaachwe yakauke kabisa. Sakafu iwe na njia ya kutolea maji. Dimbwi dogo chini ya chungu hurudisha mvuke siku nzima. Kipimo kiwe katikati, mbali na taa na mahali panapopulizwa, na kisomwe usiku na mchana.

Wapo watakaopinga: kinyonga hunywa matone kwenye majani, je, kukausha hakutamwua kwa kiu? Hofu hii ina msingi, maana macho yaliyobonyea na sehemu nyeupe ya kinyesi kugeuka rangi ya chungwa ni dalili za kupungukiwa maji. Lakini kunywa na kuishi ndani ya mvuke ni mahitaji mawili tofauti. Kitone kinachodondoka polepole juu ya jani mchana, kikipokelewa na chombo chini, humnywesha bila kukilowesha kizimba kizima.

Pingamizi zito zaidi linatoka pwani. Mombasa au Dar es Salaam wakati wa kaskazi, usiku hubaki juu ya nyuzi 22 na hewa ya nje yenyewe imejaa mvuke. Feni husaidia majani kukauka, lakini haiwezi kuifanya hewa iwe kavu kuliko ile inayoivuta kutoka nje. Taa itashusha namba ya kipimo, ila itamzidishia joto mnyama aliyezoea usiku wa baridi. Hapo kinachofaa ni kiyoyozi, kwa sababu hupoza chumba na kuutoa mvuke kama maji kwa pamoja. Asiyemudu kukiwasha kila usiku, ushauri wangu ni kwamba asimchukue kinyonga huyu.